Diski Shingoni mwa Susu

Kamenu, Thika
17 Februari 2025

Kwa binti yangu Mwongeli,

Salamu nyingi kwako na kwa baba watoto, Gachau. Natumai mmeamka vizuri na hicho kifua chako kimeacha kukusumbua. Mkubwa wenu Wangechi anaendeleaje huko shule ya bweni? Mimi ni mzima, goti tu ndilo linanikumbusha umri, na ndengu sokoni zinatoka polepole. Ukitaka kujua kama nina furaha, sina hata kidogo, ndiyo maana nimekaa nyuma ya magunia yangu nikaazima kalamu.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu hushiki. Tangu Jumamosi nimepiga mpaka Mutheu wa meza ya jirani akaniuliza kama kuna mtu namdai. Barua huwezi kuikata katikati. Na nimeandika Kiswahili, si Kikamba chetu, ili Gachau naye asome mwenyewe bila wewe kumtafsiria yale tu unayotaka ayasikie.

Sasa nisikilize. Mlinialika siku ya wazazi huko kwa akademi yenu. Niliamka nikapika muthokoi na kuku, nikavaa kile kitenge ulichoninunulia, nikashuka Kimbo. Sikuja kuomba mtu chochote. Nusu ya karo ya hiyo shule inatoka kwa hizi ndengu na sijawahi kumtangazia mtu. Niliingia getini kama mzazi mwingine yeyote. Nikamwona wajina wangu, Kaluki mdogo, amesimama na wenzake kwa tenti, sweta imefungwa mpaka kidevuni na jua lilivyokuwa linachoma. Huyo ni mtoto niliyemlea hapa Kamenu tangu anatambaa mpaka alipomaliza gredi ya tatu na mkamchukua. Nikamsalimia vile nimemsalimia kila asubuhi ya maisha yake. "Wakya, Kaluki?" Jibu lake ni "Aa," na unampa mkubwa mkono. Hata mtoto aliyeanza juzi kutembea analijua.

Hakunijibu. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akafungua sweta, akatoa kamba ya kiatu iliyokuwa shingoni mwake. Kwa hiyo kamba kumening'inizwa kipande cha mtungi wa plastiki wa manjano, kimekatwa mviringo, kimeandikwa kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni kidogo lakini neno la punda nalijua. Mimi ni punda, leo nimeongea lugha ya nyumbani. Ndivyo kinavyosema.

Akanivalisha. Alisimama kwa vidole vya miguu ndiyo afike shingo yangu, akaniambia mimi nyanya yake kwa Kiingereza, "Susu, umeongea lugha ya nyumbani." Halafu akakimbilia wenzake, mwepesi, kama mtu ametua mzigo wa kuni.

Watu wakacheka. Direkta wenu, huyo Madam Jackie, akapiga makofi na kusema huyu ni mtoto mwaminifu. Hayo yote ningemeza. Lakini niligeuka nikakutafuta wewe, Mwongeli, na wewe ulikuwa unacheka.

Nilitoka hivyo hivyo na diski yao shingoni, nikatembea nayo Kimbo yote mpaka steji, nikarudi nayo Thika. Sasa imetundikwa kwa msumari juu ya mizani yangu. Wateja wananiuliza nimeshinda nini. Sirudishi. Huyo Direkta akiitaka aje aichukue hapa sokoni kwa mkono wake mwenyewe, na akifika anisalimie kwanza. Na karo ya muhula ujao msinihesabu.

Mungu awalinde.

Mama yako,
Kaluki


Kimbo, Ruiru
20 Februari 2025

Mama,

Habari ya Thika. Sisi tuko salama, kifua kimepoa. Wangechi hajaandika lakini shule yake haijapiga simu, kwa hivyo ni mzima. Pole kwa goti. Paka ile dawa niliyokutumia na usiigawe kwa Mutheu.

Mwas wa parseli aliniletea barua yako mpaka kazini, pale risepshen, mbele ya wagonjwa, akitangaza ati ni ya haraka. Nimeisoma nikiwa nimejifungia kwa choo cha wafanyakazi. Kwa hivyo usinielezee mambo ya aibu, leo nimepata yangu ya kutosha.

Mama, rudisha hiyo diski. Wewe unafikiri umemkomesha Direkta. Kila darasa lina diski moja. Wa kwanza kuteleza asubuhi anavalishwa, halafu anamtegea mwenzake naye anampa. Atakayebaki nayo jioni anaenda nayo nyumbani, na kesho yake anasimamishwa mbele ya paredi. Kwa shule, wa mwisho kuonekana nayo ni Kaluki. Wewe wanakujua? Hawakujui. Basi wewe huko umeitundika kwa msumari, na yeye hapa kila asubuhi anasimama mbele ya shule nzima amevalishwa kipande cha katoni mpaka ile yenyewe ipatikane. Hiyo ndiyo zawadi umempa wajina wako.

Umesema nilicheka. Ndiyo, nilicheka. Ulitaka nilie? Nilikuwa nimezungukwa na wamama wa mtaa wa Kahawa Sukari waliokuja na magari yao, na mama yangu amesimama katikati na kikapu cha muthokoi na diski shingoni. Uso ulifanya chenye ulifanya.

Na kabla uniambie habari ya lugha yetu, nikukumbushe jambo. Mimi nilisoma hiyo shule ya umma ya Kamenu. Tulikuwa tumebanana watatu kwa dawati la wawili, mwalimu hakuwa anajua nusu ya majina yetu. Nilipita. Nikaenda kuulizwa maswali ya kazi hapo Kahawa Sukari, na majibu yote niliyajua, Mama, yote. Nilipofungua mdomo yule mwanamume wa kuuliza maswali alimwangalia mwenzake wakatabasamu. Kazi ya ofisini akapewa msichana ambaye alikuwa hajui kitu lakini alikuwa anaongea kama redio. Mimi nikapewa kujibu simu kwa kliniki ya meno. Mpaka leo daktari ananirekebisha matamshi mbele ya watu. Mgonjwa ana jino linamuua na bado anapata nguvu ya kunicheka.

Mtoto wangu hatapitia hayo. Kama bei yake ni kamba ya kiatu shingoni kwa mwaka mmoja, basi hiyo bei nitalipa. Na hiyo karo usinitishie nayo. Gachau atachomelea mageti mpaka Jumapili ikibidi, lakini Kaluki hatoki pale.

Mpe Mwas hiyo diski kesho.

Binti yako,
Mwongeli


Kamenu, Thika
24 Februari 2025

Kwa Mwongeli,

Hamjambo nyote? Goti limepata nafuu. Dawa nilimgawia Mutheu kidogo, ana mgongo, wacha maneno. Nimefurahi kusikia kifua kimepoa. Usirudi kuoga maji baridi.

Pole kwa huyo daktari wa meno. Angekuwa mbele yangu ningemwambia kitu kwa kila lugha ninayouzia ndengu. Asubuhi nauza kwa Kikuyu, mchana kwa Kikamba, jioni wale wa kutoka viwandani wananilipa kwa Kiswahili, na huyo Mhindi wa duka la vyuma tunapatana na Kiingereza chake na changu. Hakuna hata mmoja amewahi kunipunja kwa sababu ya matamshi. Lakini wewe ulichekwa kwa mdomo wako, na dawa uliyoipata ni kumpeleka mtoto mahali atachekwa na alipie?

Kuna jambo sikuandika juzi kwa sababu hasira ilinizidi. Nikitoka getini siku ile nilimkuta Madam Jackie nyuma ya basi la shule anamfokea dereva. Kwa Kikuyu. Kikuyu kizuri kabisa, cha mtu aliyelelewa na nyanya yake, mpaka nikasimama kukisikiliza. Nikamwangalia shingo. Hakukuwa na kamba ya kiatu, kulikuwa na mkufu wa dhahabu. Kwa hivyo usiniambie ni shule inafundisha Kiingereza. Kiingereza ni kizuri, nakitaka, mtoto akijue mpaka aote nacho. Lakini hiyo sheria ni ya watoto na ya sisi tunaolipa. Mwenye shule hajaiweka kwa shingo yake.

Mlete Kaluki hapa kwangu. Nimeongea na mwalimu Mbinya wa shule ya umma ya hapa, anasema nafasi yake bado iko. Ndiyo, ni wengi. Ndiyo, vyoo ni vibaya, na kila wiki wanaitisha kitu, leo karatasi za mtihani, kesho pesa ya mpishi, kesho kutwa ya mlinzi, halafu serikali inasema kwa redio ati ni bure. Mimi si mjinga, najua ni shule ya aina gani. Lakini hakuna mtu pale aliyemfundisha mtoto kumtega nyanya yake.

Gachau mwanangu, hapa naandika kwako. Wewe ni Mkikuyu umeoa kwetu, na siku mtoto wa pili alipozaliwa ulimpa jina langu bila kuulizwa mara mbili. Nakuuliza kama mama: mkikaa mezani mnakula, wewe na wajina wangu mnaongea lugha gani?

Diski iko hapa. Direkta anajua barabara ya kuja Thika.

Mama yako,
Kaluki


Kimbo, Ruiru
6 Machi 2025

Mama,

Natumai uko salama na mvua ya juzi haikukuloweshea magunia. Sisi hatuko salama, na sitaandika kwamba tuko.

Gachau alisoma barua yako, akairudia, akaikunja akaiweka kwa mfuko wa ovaroli, akaenda kazini bila kunywa chai. Nilikasirika na wewe siku nzima. Ni swali gani hilo unamuuliza mtu? Halafu jioni tukakaa kula, nikaanza kuangalia. Alitaka chumvi, akaionyesha kwa kidole. Alitaka maji, akanyanyua kikombe. Mama, sikumbuki ni lini nimemsikia Gachau akimwambia mtoto wake kitu. Mwalimu alikuwa amewaambia watoto tangu Januari kwamba hata nyumbani wawasikilize wazazi wanaongea lugha gani, na Kaluki anatusikiliza. Mimi nina Kiingereza changu cha simu. Gachau ana Kiingereza cha kuandika risiti ya geti. Mume wangu ameamua kuwa bubu ndani ya nyumba yake ndiyo asimletee mtoto shida, na mimi nilikuwa nadhani ni uchovu.

Sasa huyo mtoto mwenyewe. Ni wiki ya pili hajaongea. Sisemi hajaongea Kikamba. Hajaongea. Si Kiingereza, si Kiswahili, si chochote. Ukimuuliza anatikisa kichwa. Nikimfunga nywele na nimvute vibaya anakunja uso tu. Nilienda shule kuuliza. Mwalimu wa darasa akanipokea akitabasamu, akaniambia Kaluki ndiye amebadilika kushinda wote gredi ya nne, ati tangu wiki hiyo hajafanya kosa hata moja. Nilitaka kumtupia kiti.

Bado wanamsimamisha na hiyo katoni. Wamesema mpaka diski irudi, sheria ni sheria. Nakuomba uirudishe. Sikuombi kama mtu aliyekosa, bado nimekukasirikia. Nakuomba kwa sababu mtoto anaumia, na upande wako wa hiyo kamba ni wewe umeushika.

Mpe Mwas. Usije mwenyewe. Mama, narudia, usije mwenyewe.

Binti yako,
Mwongeli


Kamenu, Thika
10 Machi 2025

Kwa binti yangu Mwongeli, na Gachau,

Hamjambo? Mimi sijambo, hata goti leo halinidai kitu.

Nilikuja mwenyewe.

Usianze kupiga kelele kabla hujasoma. Ulisema diski irudi, imerudi. Nilifika asubuhi wakiwa paredi. Pale getini kuna mlinzi anaitwa Kilonzo, mtu wa kwetu. Nikamwambia nimeleta mali ya shule iliyopotea, na huo haukuwa uongo. Akanifungulia. Watoto walikuwa wamepanga laini wanaimba wimbo wa taifa, na hata huo waliuimba kwa Kiingereza. Nikangoja wamalize, mimi nina adabu. Halafu nikatembea katikati yao mpaka mbele, nimevaa diski nje ya nguo, kila mtu aione.

Madam Jackie alikuwa amesimama kwa ngazi anasoma matangazo. Nilimfikia karibu, nikamnyoshea mkono, nikamsalimia kwa Kikuyu, polepole, vile mama anavyomsalimia binti. "Wi mwega, mwari?"

Na Mwongeli, akanijibu. Yule mwanamke hakuwa na namna. Mkono wa mtu mzima umenyoshwa mbele yako, umelelewa nyumbani kwa nyanya, mdomo unajibu kabla kichwa hakijapata habari. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema, "Ndi mwega, maitu." Kwa maikrofoni.

Nikatoa diski shingoni kwangu nikamvalisha.

Alijaribu kuruka nyuma lakini kamba ilikuwa imeshapita kichwa, ikakwama kwa zile nywele zake za kununua, zikakaa upande. Watoto walicheka mpaka laini zikavunjika. Hata walimu, niliwaona wamegeuka wanaangalia ukuta, mabega yanatikisika. Nikamwambia kwa Kiswahili ili asikie kila mtu: leo wewe ndiye umeongea lugha ya nyumbani, lala nayo. Kilonzo akatumwa anitoe, akanishika mkono kama mtu ananivusha barabara, mpaka steji.

Nimefungua meza yangu saa tano, nimeuza vizuri kushinda wiki yote. Mutheu amenifanya nirudie hiyo hadithi mpaka sauti imekauka. Wacha waniite punda. Kesho hakuna mtoto atasimamishwa na katoni pale, labda wamsimamishe mwenye shule.

Nimefurahi, binti yangu. Niambie Kaluki amesema nini.

Mama yako,
Kaluki


Kimbo, Ruiru
12 Machi 2025

Mama,

Leo sikuulizi habari.

Kaluki amefukuzwa. Begi lake lilitolewa getini siku hiyohiyo kabla ya saa nne, na Gachau aliacha geti la mtu nusu akaenda kumchukua. Karo haitarudishwa, wamesema tumevunja masharti. Nimeenda akademi ile nyingine ya hapa Kimbo, wanataka barua ya shule aliyotoka, na barua Direkta amekataa kutoa. Pesa ya Wangechi ya muhula huu tulikuwa tumeshaikopesha hapo kwa Kaluki. Hayo ni ya pesa, nayaacha.

Umeandika kurasa mbili. Umeandika vile watoto walicheka, vile walimu walicheka, vile Mutheu alicheka. Umeandika hadi vile umeuza ndengu. Nimetafuta hizo kurasa zote mahali umeandika mtoto alikuwa wapi. Ulimwona? Nijibu hilo tu. Alikuwa mbele, Mama. Alikuwa kwa ngazi, kando ya Direkta, na katoni shingoni, hatua chache kutoka kwako. Ulipita karibu naye kitenge chako kikamgusa. Gachau ameambiwa na Kilonzo. Shule nzima ilicheka, na yeye akiwa amesimama pale mbele alijikojolea, mpaka kwa soksi, mtoto wa miaka tisa. Ndipo hao hao waliokuwa wanacheka nywele za Direkta wakageuka wakamcheka yeye.

Ulimwangalia hata mara moja?

Nilikuambia umpe Mwas. Nilirudia. Lakini wewe ulikuwa na vita yako. Direkta anapigana na wewe juu ya mgongo wa mtoto wangu, na wewe unapigana naye juu ya mgongo huohuo, na ninyi wote wawili mmeshinda. Unaniuliza amesema nini. Hajasema kitu. Analala kitandani kwangu akiwa ameangalia ukuta.

Simleti huko Kamenu. Usije Kimbo. Usitume ndengu, usitume salamu, usimtume Mwas.

Mwongeli


Kamenu, Thika
14 Aprili 2025

Kwa binti yangu Mwongeli,

Natumai hii inawakuta wazima. Zile zingine nilizotuma Mwas anasema alikupa mkononi, na kwamba ulizipokea bila kumwangalia. Sijui kama ulizifungua. Basi hii ni fupi, unaweza kuisoma umesimama.

Uliniuliza kama nilimwangalia. Sikumwangalia. Nilipita nikiwa na Direkta machoni. Nimekasirika na mimi mwenyewe mpaka nimemwambia Mutheu asinitajie hiyo hadithi tena mbele ya wateja. Lakini usidhani hasira yangu na hiyo shule imeisha, kwa sababu haijaisha hata nusu. Kuna mtu alikata huo mtungi kwa makasi, akatoboa tundu, akakaa chini akaandika neno punda vizuri kwa herufi za kupendeza, halafu akaenda kanisani Jumapili. Huyo bado namtaka.

Sitaki umlete kama hutaki. Wewe ndiye mama yake. Wangechi nimemlipia, shule imenipa risiti, hilo nalo usiniandikie.

Nataka neno moja. Ameongea? Andika ndiyo au la nyuma ya karatasi yoyote, hata ya sukari, umpe Mwas.

Mama yako,
Kaluki


Kimbo, Ruiru
11 Mei 2025

Mama yangu,

Habari ya siku nyingi. Natumai goti halijakulaza na hii baridi ya asubuhi. Sisi tunasukuma. Gachau anakusalimia, amesema nikuandikie kwamba swali lako la lugha ya mezani anaendelea kulijibu. Asante kwa Wangechi.

Tulimpeleka Kaluki shule ya umma ya hapa Kimbo muhula ulipofunguliwa. Usishangilie, bado nina uchungu. Ya kwanza walituambia tulete dawati letu, na Gachau akachomelea la chuma, zito, watoto watatu wanalikalia. Wameitisha rimu ya karatasi, wameitisha ya chakula, wameitisha ya taa. Niliuliza mwalimu mkuu hiyo elimu ya bure iko chumba gani nikaione, akanicheka. Lakini mwalimu wake, Bi Wamboi, anafundisha Kiingereza akikwama anarudi Kiswahili, na nje watoto wanapigiana kelele kwa kila lugha iliyopanda gari kuja Ruiru. Nilisimama kwa ua nikasikiliza nikatafuta mtu mwenye kamba shingoni. Hakuna. Nilidhani basi ataongea siku ya kwanza. Hakuongea. Bi Wamboi alisema nimpe muda, nikakaribia kumfokea huyo naye.

Njoo Jumamosi. Nilikuambia usije na sasa nakuambia njoo, na wacha nikueleze kwa nini ndiyo usije na furaha ya bure.

Jana nilikuwa nafua. Kaluki alikuja akanivuta nguo mpaka bafuni. Akafunga mlango. Akafungua mfereji wote, na unajua maji hapa tunanunua, nikataka kuufunga akanizuia mkono. Akangoja mpaka ndoo ikafurika na kelele ya maji ikajaa chumba. Ndipo akasimama kwa vidole, akaweka mdomo kwa sikio langu, na akaongea. Kwa Kikamba, Mama. Sauti imekauka kama ya mgonjwa. Aliniuliza kama Susu bado amemkasirikia kwa sababu ya kumvalisha.

Nilimjibu kwa Kikamba kwamba hapana, Susu hajamkasirikia hata siku moja. Gachau alikuwa kazini. Mlango ulikuwa umefungwa, na kodi ya hiyo nyumba nalipa mimi. Hakukuwa na mtu wa kutusikia. Ndipo nikajisikia, na mimi pia nilikuwa nanong'ona.

Binti yako,
Mwongeli